Mchezo Upi Ni Rahisi Kuongoza

Yaya yangu, mkubwa wangu mpendwa,

Ulipoanza kunifundisha kuongoza mchezo, nilikuuliza swali moja tu: katika michezo yako mitatu, upi ni rahisi? Ulicheka. "Weye iko nauliza kama mutu mwenye kununua baiskeli," ulisema, nawe hukunijibu. Sasa jibu ninalo. Lilitoka na damu, ndiyo maana ninakuandikia.

Unakumbuka Jumamosi ya kwanza katika ukumbi wa parokia? Uliwaeleza wachezaji wanne polepole, kama mwalimu: kila mmoja abuni mtu wake, amwandike kwenye karatasi, na aseme mtu huyo anafanya nini. Mwongozaji anasimulia nchi na maadui, na dadu inaamua kama jambo limewezekana. Kisha ukaongeza sheria isiyokuwa katika kitabu chochote: jina la kijiji linaachwa mlangoni. Wawili kati yao nyumba zao zilichomwa na watu wa upande mmoja, na wawili na watu wa upande mwingine. Mezani kwako wote walitoka katika nchi isiyokuwapo.

Ulianza na Kitabu Kinene, kile cha Kifaransa ulichopewa na mwalimu wako wa chuo. Kukiongoza ni kazi ya punda. Kila mnyang'anyi ana pointi zake za uhai, kila silaha ina hesabu yake, na pigano fupi la hadithi lilikuwa linamaliza mchana mzima. Dadu ya pande ishirini ilipopotea, tulikata vikaratasi ishirini vyenye namba, tukavitia katika kopo la maziwa. Mchezo wa karata ulikuwa mwepesi zaidi: nyekundu umeweza, nyeusi umeshindwa. Ila nyeusi zikifuatana hadithi inakwama, na mwongozaji anabaki kukodoa macho. Wa tatu uliubuni mwenyewe, ukurasa mmoja na dadu moja ya kawaida, na mengine yote mwongozaji anayaamua kwa akili yake. Huo ndio niliupenda. Hata mwanafunzi mwenye mitihani anaweza kuuongoza bila kujitayarisha.

Lakini wewe ulirudi kwenye Kitabu Kinene kila Jumamosi. Nilidhani ni majivuno ya chuo.

Kisha ulipanda pikipiki kwenda Nyankunde kumwona shangazi hospitalini. Ulipokuwa unarudi, watu wenye mapanga waliwasimamisha njiani wakauliza kila mmoja anatoka kijiji gani. Dereva aliyeponea majanini alituambia kwamba ulisema kweli. Mama na mama mdogo walikuosha, mimi nikashika beseni. Panga lilikuingia mara nne: mkononi, begani, na mara mbili shingoni. Mkono wako wa kulia ulikuwa unashikiliwa na ngozi tu. Katika Kitabu Kinene, kila pigo la panga linaondoa pointi nane za uhai. Nikiwa pale na beseni, na maji yamekuwa mekundu, nilijikuta ninajumlisha. Nilijichukia, yaya.

Kwa hiyo wachezaji waliponijia baada ya matanga wakaomba niwaongoze, nilichukua ule ukurasa mmoja. Sikutaka kuitamka tena hesabu ya panga.

Katika hadithi ya Jumamosi hiyo, maadui waliwafikia watu wa wachezaji wawili, Gloire na Dieme, kwenye daraja. Dadu ilitoa mbili. Ukurasa wako unasema hapo mmoja anaanguka, na mwongozaji achague. Nilimchagua Dieme. Nilisimulia vizuri, nilivyofikiri: adui amemkata kichwa, kichwa kimetumbukia mtoni.

Dieme hakutazama karatasi yake. Alinitazama mimi.

"Juu ya nini miye, hapana yeye?"

"Ulikuwa nyuma," nilimjibu.

"Hapana. Ni siye tu tunakufaka. Weye iko nalinda bantu ya kwenu."

"Kufa tu, ndugu," Gloire alisema akicheka. "Kwenu mulishazoea."

Dieme aliinua kigoda akampiga nacho mdomoni. Gloire alianguka juu ya meza, akainuka na kumuuma sikio, na hakuliachia. Tulipowatenganisha, karatasi za mashujaa wote zilikuwa zimelowa damu, na jino la Gloire lilikuwa sakafuni. Mama Regina, anayeshika funguo za ukumbi, alisimama mlangoni na ufagio wake.

"Nilifikiri munajifunza Kifaransa," alisema. "Kumbe munajifunza kuuana. Jumamosi nikisikia kelele moja tu, nafunga."

Ukumbi ukifungwa, Gloire na Dieme watakutana barabarani tu, na huko hakuna anayeacha jina la kijiji chake mlangoni. Wiki nzima nililinganisha michezo yako mitatu, nikaelewa kwamba nilikuwa nimeuliza vibaya. Ukurasa mmoja ni rahisi kuuongoza, lakini ni mzito kuubeba. Mtu akifa, umemuua wewe, nao wanajua wewe ni mtoto wa nani. Kitabu Kinene kinakuchosha mikono, lakini kinaua chenyewe, mbele ya wote, kwa hesabu moja kwa kila mtu. Hayakuwa majivuno. Ulikuwa unatulinda.

Jumamosi walikuja wote wanne, Gloire na mdomo uliovimba, Dieme na kitambaa sikioni. Mama Regina alifagia karibu na mlango, mahali palipokuwa safi tayari. Nilifungua Kitabu Kinene. Wanyang'anyi walipomfikia mtu wa Gloire, nilisema kwa sauti, "Panga, pointi nane." Nikairudia, wote wasikie. Gloire alihesabu, akafika sifuri.

Katika kitabu hicho aliyefika sifuri hafi papo hapo. Ana zamu tatu za kuvuja damu, na mwenzake anaweza kuacha pigano lake na kujaribu kumfunga kidonda. Ukurasa wako hauna zamu hizo. Hata wewe hakuna aliyekupa.

Nilisoma sheria hiyo kwa sauti. Wengine wawili walikuwa wamezingirwa. Dieme alivuta kopo la maziwa.

"Naacha yangu," alisema. "Namufunga."

Akatoa nne. Haitoshi. Mnyang'anyi akamkata mgongoni, naye akafuta pointi zake. Akatoa saba. Haitoshi. Mara ya tatu alitikisa kopo kwa muda mrefu, akatoa tatu, na mtu wa Gloire akafa.

Nilishika meza kwa mikono miwili. Mama Regina aliacha kufagia.

"Nilijaribu," Dieme alisema.

"Niliona," Gloire alimjibu, akaomba karatasi mpya.

Pumzika sasa, yaya. Mezani kwako kuna watu wanne, na ukumbi bado uko wazi, funguo kwa Mama Regina.

Ni mimi, mdogo wako uliyemfundisha.