Wanataka Nitubu kwa Sababu Nilimwaga Chai

Mpendwa Shangazi Monicah, kabla hujanigombeza naomba unisaidie kwanza, maana hapa nyumbani nimegombezwa mpaka nimechoka. Mimi ni mama wa watoto watatu, tuko upande wa Litein, tuna majani chai kidogo na ng'ombe wawili, na shida yangu ni wasiwasi: nikisikia harufu ya moshi naruka, mtoto akikohoa silali, mlango naukagua na nimeshaufunga, na mume wangu Kipkirui husema ati alioa king'ora. Sasa mwezi uliopita alinyunyiza dawa ya magugu kwenye shamba la majani, na ule mtungi wa plastiki wa dawa ulipoisha akausugua na majivu na maji moto, akasema ni mzuri, hauvuji, utabeba chai ya wachumaji ya saa nne, nikakataa, tukabishana, nikadhani yameisha, kumbe siku nilipoenda sokoni aliutumia na wakanywa, hata Phanice ambaye hutuchumia na ana mimba kubwa, halafu wiki iliyopita nikaukuta tena shambani uko na chai, moyo ukanipiga, mikono ikatetemeka, nikaimwaga yote mbele ya watu bila kusema ni kwa nini. Kipkirui alikasirika vibaya. Mama mkwe anasema nimemwaibisha mwanawe, na nikifungua mdomo kuhusu dawa hatutapata tena mtu wa kutuchumia. Kikundi cha maombi nacho kimeamua niko na roho ya hofu, ati Jumapili nitubu mbele ya kanisa niombewe. Shangazi, sitaki kubishana na watu wa Mungu. Niambie tu kama kuna dawa ama maombi ya kuondoa huu woga wote nikae kama watu wengine.
Rodah

Rodah, kukugombeza nitakugombeza, lakini wacha nianze na bwana yako.

Kipkirui, mtungi wa sumu hausuguliwi ukawa wa chai! Plastiki hunywa dawa, na majivu hayaitoi. Karatasi iliyobandikwa pale ilikuambia usiutumie tena, ama ulidhani ni ya mapambo? Ati hauvuji. Hata jeneza halivuji.

Na nyinyi wa maombi, jameni. Mungu akikupa mbwa anayebweka mwizi akija, utamwita pasta amtoe pepo? Wataalamu wanasema huu woga tumeurithi. Zamani kichaka kikitikisika, aliyesema "ni upepo tu" aliliwa na chui kabla hajapata watoto. Aliyekimbia ndiye alituzaa sisi. Moyo kupiga na mikono kutetemeka ni mwili unajiandaa. Mara nyingi ni upepo kweli na umekimbia bure, watu wakacheka, lakini afadhali uchekwe kila siku kuliko kuliwa mara moja. Wahenga walishamaliza: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Sasa wewe. Umenieleza moshi, kikohozi, mlango, mama mkwe, halafu hapo katikati ukapitisha ati Phanice alikunywa. Na ukaendelea na hadithi! Mama mjamzito amekunywa chai ya mtungi wa dawa, mpaka leo hajui, na wewe unalia juu ya Jumapili? Woga wako ulifanya kazi yake, ukakusukuma ukamwaga chai. Kisha ukanyamaza, na sasa unatafuta dawa ya kuunyamazisha na huo woga pia. Umenikasirisha, Rodah.

Huo mtungi utoboe leo, na dawa zote zifungiwe mbali na jikoni. Kama mlango unakunyima usingizi hata mambo yakiwa sawa, nenda kliniki uongee na daktari. Wasiwasi ukizidi huumiza, na kutibiwa si dhambi. Lakini huu wa mtungi si ugonjwa. Jumapili usitubu kitu. Wakitaka mtu wa kutubu, Kipkirui yuko.

Phanice aende hospitali pamoja na wote waliokunywa, na abebe jina la dawa ile ili daktari ajue anatafuta nini. Msindikize wewe mwenyewe. Akikutukana, vumilia. Akiacha kuwachumia, ni haki yake. Huo woga siwezi kukutolea na sitaki, kwa sababu hapo kwenu mtoto wa Phanice hana mtetezi mwingine. Weka gazeti chini uende kwake sasa hivi.