Wavu wa Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Mvua tangu saa mbili asubuhi. Sheria ya kambi ni moja: tone la kwanza likidondoka, nyavu zinakunjwa, la sivyo ndege wanakufa kwa baridi. Mjomba (ndiye anayenifundisha kunasa ndege na kuwavisha pete) alikunja mbili, akanituma nikafunge wa tatu. Nikasema sawa. Hapo hapo dada akapiga simu! Nikasimama chini ya turubai tukimcheka shemeji. Saa nzima.

Nilimkuta wavuni ananing'inia, chapachapa, keshakufa. Kidege cha kahawia, chepesi kuliko kijiko. Pete nyekundu juu ya njano — Bi Mkubwa, jike anayejulikana kambi nzima! Kiwavi bado mdomoni. Maana yake kuna makinda.

Nimemfukia kwenye majani. Daftarini nimeandika: umefungwa saa mbili, hakuna ndege. Mwongo mkubwa mimi.

Jumanne, 5 Machi
Dokta, bosi wetu, kauliza kama kuna aliyemsikia Bi Mkubwa akiimba. Anamfuatilia mwaka wa saba. Anasema mkewe anamwonea wivu huyo ndege. Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumatano, 6 Machi
Nimekitafuta kiota. Matope, miiba, ruba hadi magotini. Makinda mawili. Dume analeta wadudu, anaondoka, anarudi. Peke yake. Nilimwomba msamaha kwa sauti — ndege!

Alhamisi, 7 Machi
Limebaki kinda moja.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua imefukua majani. Dokta kamwona Bi Mkubwa, na alama za nyuzi shingoni. Katuita wote. Nani alifunga wavu wa tatu?

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Mjomba akasema ni yeye, alichelewa, uzee huu. Na daftari je, Dokta akauliza, mwandiko si wa huyu binti? Mjomba akajibu kwamba niliandika alivyoniambia.

Dokta hakufoka. Kasema tu afungashe, gari linaondoka saa sita.

Nilimfuata hemani nikilia. Kwa nini, Mjomba? Hakunitazama. Kasema yeye kabakiza miaka miwili ya kazi, mimi nina thelathini, basi niache kelele nimsaidie blanketi. Nikalikunja! Mama husema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimemlisha yeye sahani nzima.

Saa sita kasorobo. Dereva anapiga honi. Mjomba keshapanda, begi mapajani. Dokta yuko mezani, hatua kumi kutoka hapa, chai yake inapoa.

Na mimi naandika.