Bustani Juu ya Mabwawa

Mpendwa mshauri, naomba uniokoe kabla sijavalishwa medali. Mimi ni fundi bomba katika kiwanda cha mafuta ya alizeti, mtu mzima mwenye kitambi na upara, na bosi wetu wa zamani alikuwa na kawaida moja tuliyomchekea sana, kila Jumatatu anashuka mferejini kunawa uso kwa maji yanayotoka kiwandani, yakimwasha macho siku hiyo mtambo hauwaki, basi yale mabwawa ya kuchujia tukayalea kama vitoto vichanga, sasa amestaafu, amekuja mama mkurugenzi anayependa mazingira mpaka viatu vyake ni vya kijani, akafukia mabwawa, juu yake akaotesha maua na kusimamisha bango la kusifu mazingira, na maji yenye magadi makali yanakwenda moja kwa moja kijitoni, ambako mama mkwe wangu anamwagilia mchicha. Wageni wakija naambiwa nifunge koki, maji yakae tangini, wakiondoka nafungua. Mchicha umeungua. Mama mkwe aliniuliza, “Mkwe wangu, huko kwenu mnamwaga nini?” Nikamwambia labda ni jua. Ijumaa natunukiwa medali ya mfanyakazi rafiki wa mazingira, na mama mkwe amealikwa, ameshashona na gauni. Nifanyeje?

Fundi wa Koki

Fundi, kwenye upara nimecheka, kwenye jua nikanuna. Jua gani hilo linalochagua shamba la mama mkwe wako, tena kando ya maji? Najua una watoto wa kulisha, na mimi nisijifanye shujaa, mhariri wangu mwenyewe namwamkia mara mbili. Lakini mkono unaofungua ile koki ni wako. Yule mzee hakuwa na bango hata moja na mboga ziliota. Huyu ana bango, na uso wake haujui hata mfereji ulipo. Mtu anafukia chujio halafu anagawa medali, na wewe unauliza ufanyeje?

Leo hii nenda kwa mama mkwe, umwambie ukweli, maji yale asiyaguse. Radhi mwombe umepiga magoti, kitambi kisiwe kisingizio. Kesho waite mafundi wenzako, mwende pamoja kwa mkurugenzi mkamwambie mabwawa yachimbwe upya. Akiwafukuza, ofisi ya maji ipo. Medali usiipokee. Na koki ifunge leo, usingoje wageni, wala usiifungue tena. Tangi likijaa mtambo utasimama wenyewe, na mkurugenzi atakuja mbio kukuuliza maji yaende wapi. Mwonyeshe ile bustani yake, umpe na jembe.