Ndio Niliyokuwa Nikimjibu Babu

Nyanya yangu,

Nimechoka. Nianze na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Tangu tukuzike kule Thika, mwaka wa ile mvua ya El Nino, sijawahi kukuandikia. Leo nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nje ya chumba changu hapa Kiuu, nangoja shuka za Babu zikauke.

Unakumbuka tulivyoishi Majengo? Nyinyi wawili mlikuwa mmestaafu, baada ya miaka zaidi ya ishirini kwa mashine za kufuma, kwa kiwanda chenye kelele ambayo mtu hawezi kusikia hata jina lake. Huko mlizoea kuongea kwa midomo tu, bila sauti, na mkaja na tabia hiyo nyumbani. Mgeni anakunywa chai yake, na nyinyi mnagombana hapo mbele yake, midomo inaenda mbio, yeye hana habari. Mimi nikiwa darasa la nne nilidhani ndoa zote ziko hivyo. Nikiuliza mnasemaje, ulinijibu, "Ni mambo ya kazi hayo." Kazi gani, na mlikuwa mmestaafu?

Uliniambia hata kuposwa uliposwa hivyo hivyo, kati ya mashine mbili, na supavaisa akapita katikati ya swali. Ulikuwa ukicheka mpaka leso inaanguka. Babu alijifanya anasoma gazeti.

Mimi sikujifunza midomo yenu. Niliona ni uvivu wa wazee. Sasa najuta.

Babu alipata kiharusi, Nyanya. Ni miezi sita sasa. Upande mmoja umelala na sauti imeenda kabisa, imebaki midomo, nayo imepinda. Nilimchukua mimi. Namwosha, namlisha, namgeuza, halafu natoka hapo nje kuuza mboga za sukuma wiki, kila baada ya wateja wawili narudi kumwangalia. Mgongo unaniuma mahali ambapo sikujua mgongo unafika. Kuna asubuhi naamka nikitamani mwanao Rama aje amchukue, ampeleke kwake Kalimoni. Nakuambia wewe kwa sababu hapa siwezi kumwambia mtu.

Kila jioni nikimaliza kumwosha, Babu alikuwa akiniambia kitu kwa ile midomo. Neno moja, lile lile. Nilileta maji, akatikisa kichwa. Nilileta chai, redio, kofia yake ya kuswalia. Hapana. Alikuwa akipiga kitanda na ule mkono mzima kwa hasira, na mimi pia nikashikwa na hasira. Mwishowe nikachoka kubahatisha. Nikaanza kumjibu tu, "Ndio, Babu," na tabasamu juu. Akageuza uso ukutani. Nikaona nimepata dawa. Ikawa hivyo kila siku.

Ijumaa iliyopita Mama Zuhura, yule mliyekuwa naye shifti moja, alitoka Thika kuja kumwona. Alivuta kiti karibu, akamtazama mdomo, akamjibu bila sauti, wakaongea hivyo mpaka chai ikapoa. Nilifurahi kuwaona, nikakumbuka kwenu. Alipotoka nje nikamuuliza, "Anataka nini huyu mzee?"

"Hataki kitu."

"Na lile neno la kila jioni?"

Alitazama chini, akafunga leso yake upya. "Anakuuliza, 'Umenichoka?' Anasema unamjibu ndio."

Miezi yote hii, Nyanya. Jioni baada ya jioni mtu wako ananiuliza hivyo, na mimi namjibu ndio, nikitabasamu.

Nililia hapo kando ya mboga, watu wakipita. Nilipomaliza nilinawa uso, nikaingia, nikakaa mahali anapoweza kuniona. Nilitaka kumwambia kwa lugha yenu. Nikafungua mdomo polepole, bila sauti: "Nimechoka, Babu. Lakini sijakuchoka wewe." Sijui kama ni kweli kila asubuhi. Jioni hiyo ilikuwa kweli.

Aliangalia mdomo wangu kwa muda mrefu. Wake ukatikisika kidogo, na neno hilo nililisoma mwenyewe, la kwanza maishani mwangu.

"Rudia."

Nikarudia.

Wewe pumzika, Nyanya. Huku bado niko zamu.

Mjukuu wako