Shuka Mbele ya Uso wa Mama

Jumatatu, 8 Julai 1907. Newala
Shuka tena, tangu asubuhi. Mzungu wa picha kabomoa paa la kibanda upande mmoja, eti mwanga uingie. Anayepigwa picha anaupa mwanga mgongo. Mimi nasimama mbele yake nimetandaza shuka la amerikani, mwanga unagonga shuka, unamrudia usoni. Shuka likiondoka, uso unabaki kiza. Mabega yanawaka moto. Nilisoma misheni Masasi ili niwe kamba ya kuanikia nguo!

Jumanne, 9 Julai
Sasa anataka wanawake wenye ndonya, kile kisahani cha mti cha mdomo wa juu. Sawa. Kisha akasema waitoe, apige picha tundu la mdomo. Nikamwambia mwanamke wa Kimakonde hatoi ndonya mbele ya wanaume, hata mbele ya mwanawe. Akacheka. Wa kwanza, keshokutwa, ni mama yangu. Jumbe ndiye aliyemtaja. Mungu anamwona.

Jumatano, 10 Julai
Sijala. Nimemsihi Mama akimbilie kwa mjomba, kule Lisekese.
"Niikimbie nyumba yangu kwa ajili ya sanduku la picha?"
Akajitwika mtungi, akateremka bondeni kuchota maji. Nina hasira hata mwandiko umeharibika.

Alhamisi, 11 Julai
Mama alikuja na kaniki mpya. Askari mlangoni, kiboko mkononi. Mzungu akajifunika kitambaa cheusi, akachungulia, akatoka, akatia sandukuni kioo kinachoshika picha. Kioo kikishaingia, hawezi tena kuchungulia. Akasema, "Sasa!"
Mama akaziba mdomo kwa kiganja, akaitoa ndonya.
"Filipo, geuka."
Nikageuka. Na shuka nikageuka nalo. Mwanga wote nikaupeleka ukutani.
Mzungu lazima aliukodolea macho mdomo tu, shuka hakuliona. Nilisikia kifuniko cha sanduku kikifunguliwa, kikafungwa. Wanaume wawili wamemwona Mama hivyo, na hilo linanichoma. Lakini hawatakuwa na cha kumwonyesha mtu. Nilifanya kusudi. Ningefanya tena kesho.

Ijumaa, 12 Julai
Mzungu kaosha kioo, uso haukutoka. Kelele hizo! Nikaitwa. Nikamwambia mtoto hamtazami mama yake akiwa vile, mlitaka nifanyeje? Viboko hamsa ishirini. Askari hakunionea huruma. Kulia? Ng'o! Kazi nimefukuzwa. Wapagazi wanafunga mizigo yake, anaelekea Lindi. Aende salama, na asirudi.

Jumapili, 14 Julai
Naandika nimelala kifudifudi. Mama kanikanda mgongo kwa maji ya moto.
Kile kioo walikitupa jalalani, nikakiokota. Kwenye kioo mwanga hutoka mweusi. Paa lililobomolewa ni jeusi tititi. Kingo za mabega ya Mama zinaonekana. Penye uso hapana kitu, kioo kitupu.
Nikampa. Akakiinua mbele ya macho yake, nikamwona kupitia palepale. Ndonya mahali pake, anacheka.
Sasa kimefunika chungu chake cha chumvi.