Faili la Oda ya Buhare

Dada Nyangeta,

Nimefunga mlango wa ofisi yetu hapa Bweri na ni saa tisa mchana. Ungekuwepo ungenigombeza. Lakini leo sina mteja ninayeweza kumtazama usoni, na kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai. Juzi nilimwambia mama yako. Umebaki wewe, na kaka yako.

Kwanza nikupe habari. Mashine yetu ya kukatia karatasi bado inafanya kazi. Kisu chake nimekibadilisha mara mbili tangu uondoke, na ule mkeka wa gundi tunaobandikia karatasi umechoka, karatasi zinahama zikikatwa. Kiti chako kipo pale pale dirishani, nakipangiaga maboksi ili wateja wasikikalie. Wanaingia wanauliza, "Yule dada yuko wapi?" Watatu wa mwanzo niliwaambia umesafiri. Wa nne nikamwambia ukweli. Akakaa kwenye ngazi akalia mpaka nikamletea maji. Alisema ulimtengenezea kadi za harusi yake, zile zenye mlango mdogo unaofunguka. Mimi hata jina lake sikulijua.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilikuwa nimeshindwa cherehani, nimeshindwa na kuuza samaki wa sato mwaloni, pwani ya ziwa, mwanamke wa miaka thelathini na moja anayeomba kufundishwa kukata karatasi. Ulinikalisha ukanionyesha mstari kwenye kompyuta, kisha ukanionyesha mashine ikiufuata mstari ule ule kwenye karatasi kwa kisu chake, halafu ukanipa sindano nichokoe vipande visivyotakiwa. Nikachokoa kwa nguvu, herufi ikachanika. Ukasema, "Mashine haina haraka, Sabina. Haraka ni ya kwako." Hukunicheka. Uliniwekea karatasi nyingine.

Na ulivyokuwa unachukia mafaili ya michoro ya kununua! Mteja akitaka waridi, ulimtolea waridi, lakini akishatoka ulikuwa unaniambia, "Hayo ni maua ya kila mtu." Yako uliyachora mwenyewe, ukifuta na kurudia, huku chai yako ikipoa.

Ulitufichaga sote ugonjwa wako. Uvimbe wa kwenye titi uliufunika na kitenge karibu mwaka mzima, na siku uliponionyesha nilisema tu, "Pole." Ukaenda Mwanza, ukarudi bila nywele, ukaenda tena. Mara ya mwisho ulirudi ukasema hutaki kupelekwa nyumbani kwenu Butiama, unataka chumba cha nyuma hapa ofisini, usikie mashine. Mama akaja kukuuguza. Kila asubuhi nilimsikia nyuma ya pazia: "Leo umeamka vizuri. Utapona, mwanangu." Na wewe unamwitikia, "Ndiyo, mama."

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Kaka yako Magesa alikuja kutoka Bunda siku moja mvua inanyesha. Hakuingia kwako kwanza. Aliniita barazani, kofia ya pikipiki bado iko kichwani, akaniambia, "Sabina, daktari ameshaniambia. Wewe andaa vitu vya msiba mapema. Meza ya picha, jina lake, maua. Ikitokea hatutakuwa na nafasi, na sitaki tuaibike mbele ya watu."

Nikamuuliza, "Na yeye?"

"Yeye asijue."

Alikuwa analia ndani ya ile kofia, dada. Simlaumu. Ningeweza kumkatalia na sikumkatalia.

Nilisubiri ulale mchana. Nikachukua kompyuta yako, nikakaa mezani pako, nikapunguza mwanga wa kioo kana kwamba naiba. Wewe unakohoa upande wa pili wa pazia na mimi naandika jina lako. Veronika Nyangeta. Mwaka wa kuzaliwa nilikisia, maana ningekuuliza nini? Nikaweka waridi ishirini za faili la kununua. Chini nikaandika "Umetuacha Mapema." Nikalihifadhi faili kwa jina la "Oda ya Buhare", kwa sababu wiki ile shule moja ya chekechea ya Buhare ilikuwa imetuagiza namba za ukutani, na nilijua ukiliona hutalifungua.

Ulilifungua.

Jumanne ile uliniomba kompyuta. Ulisema, "Nataka nitazame picha kidogo." Nikakuwekea mito mgongoni, nikaenda mjini kupeleka kadi. Niliporudi ulikuwa umeifunga, iko kifuani kwako, mikono juu yake. Uliniuliza, "Manila nyeupe imebaki karatasi ngapi?"

Nikasema zipo chache.

Ukanitazama. Ulinitazama muda mrefu, nikafikiri ni maumivu. Ukasema, "Nunua nyingine."

Nikasema sawa. Moyoni nikasema, maskini, bado anawaza kazi. Sikununua. Hatukuwa na oda yoyote ya manila nyeupe.

Ulikufa Alhamisi ya wiki iliyofuata, mama ameenda kupasha uji. Niliingia nikamkuta amesimama na kikombe, hakiweki chini. Mimi ndiye niliyekufumba macho. Yalikuwa bado na joto. Samahani, sijui kwa nini nakuambia hili. Labda kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Jioni ile Magesa akapiga simu kutoka njiani. "Anza kazi."

Nikawasha mashine, nikafungua faili la Oda ya Buhare.

Waridi hazikuwepo. Hata moja. Mahali pa kila moja palikuwa na pamba, pamba iliyofunguka, vifuko vinne vilivyovimba na majani matatu yaliyokauka chini yake. Nilijua mkono wako mara moja. Mistari ilikuwa inatetemeka mahali fulani, halafu inanyooka, halafu inatetemeka tena. Mwaka ulikuwa umeusahihisha, nilikuwa nimekuzidishia miaka miwili. Kwenye jina ulikuwa umeongeza la baba yako. Yale maneno yangu ya chini uliyafuta, na hukuweka mengine. Na pamba zote ulikuwa umezipanga zibanane kwenye karatasi, kama ulivyonifundisha, ili manila isipotee.

Jina la faili hukuligusa.

Nilikaa pale mpaka mashine ikajizima yenyewe. Siku tisa, dada. Siku tisa ulijua kwamba mwanafunzi wako amekuzika kwenye kompyuta yako mwenyewe, na siku tisa nilikuletea chai, nikakugeuza kitandani, nikakusimulia habari za wateja. Ulikuwa unasema, "Asante, Sabina." Ulikuwa unaniambiaje asante? Ulinionea huruma, au ulikuwa na hasira ukaona sistahili hata kugombezwa? Najiuliza nikiosha vyombo, najiuliza nikiwa kanisani. Napata jibu moja asubuhi na jingine jioni.

Nikawasha mashine tena, nikakata. Manila nyeupe iliisha kwenye pamba ya kumi na moja. Uliniambia ninunue, ulijua hesabu yake, na maduka yalikuwa yameshafungwa. Zilizobaki nilizikatia karatasi ya rangi ya maziwa iliyosalia kwenye kadi za harusi ya watu.

Tulikuzika Butiama, nyumbani, kando ya baba yako. Watu walikuwa wengi, turubai halikutosha. Meza ya picha yako ilipendeza, na hakuna aliyeona kwamba pamba zina rangi mbili. Niliona mimi. Wakati padre anasali, macho yangu yalikuwa kwenye zile za rangi ya maziwa. Magesa alisimama kutoa shukrani akanitaja kwa jina, akasema, "Huyu binti ametusitiri." Watu wakageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Halafu mama yako akaja mezani. Alishika pamba moja kwa vidole viwili, akaigeuza, akaniuliza, "Hii ni pamba ya shamba la baba yao. Nyangeta ndiye aliyekuwaga anabeba kikapu. Nani alikuambia?"

Nikasema, "Niliwaza tu, mama."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Faili lilikuwa woga wangu. Lakini pale mezani nilikuibia, wewe umelala ndani ya sanduku hatua nne kutoka nilipo. Mama akanikumbatia. Alinukia moshi na Vaselini. Akaniambia, "Mungu akubariki, umemjua mwanangu." Na mimi nikaitikia amina.

Tulipoanua matanga nilirudi Bweri. Wiki tatu sikukata kitu kilichokamilika. Naweka karatasi, nabonyeza, kisu kikianza kutembea naona vidole vyako vikipanga pamba, nazima.

Juma lililopita akaja mwanaume mmoja kutoka Bunda. Mtu mzima, amevaa koti la kanisani siku ya kazi. Alikuwa ameona vitu vya msiba wako kule Butiama akauliza nani alivitengeneza, akaelekezwa kwangu. Alitoa picha ya mke wake kwenye bahasha, akaiweka mezani pako. "Nataka kama vile vya yule dada. Uandae mapema. Ni mgonjwa sana, ila bado yupo."

Mwanamke kwenye picha anacheka, amebeba beseni la mahindi.

Nikamuuliza, "Yeye mwenyewe anajua?"

Akasema, "Anajuaje? Tunamwambia atapona."

"Nenda kamuulize anapenda maua gani."

Alinitazama kama nimemtukana. "Nimuulize mgonjwa maua ya kaburi lake?"

Nilitaka kumwambia habari zako. Nikasema tu, "Mimi niliwahi kumfanyia mtu bila kumuuliza." Aliirudisha picha kwenye bahasha taratibu, akatoka. Sijui kama alimuuliza. Sijui kama mke wake bado yupo.

Lakini alipoondoka nikaona siwezi kumhubiria mgeni wakati mama yako amelala na uongo wangu. Juzi nikaenda Butiama.

Nilimkuta anaanika mihogo ya udaga. Alifurahi kuniona, hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alitaka kuchemsha chai nikamwomba akae kwanza. Nikamwambia yote, kuanzia siku ya mvua. Nilimwambia zile pamba ulizichora wewe, na kwamba mimi nilikuwa nimeweka waridi.

Hakulia. Aliuliza, "Kwa hiyo alijua."

"Ndiyo, mama."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

Akaanza kukunja vidole vyake kimoja kimoja, midomo inatembea, mpaka akamaliza tisa. Akasema, "Siku hizo zote nilikuwa namwambia atapona. Na yeye ananiitikia." Kuku walikuja kwenye udaga wakala, hakuwafukuza, na mimi sikuthubutu kuinuka.

Baadaye akauliza, "Yale maneno uliyoandika, aliyoyafuta. Yalisemaje?"

Nikamwambia. Umetuacha Mapema.

Mama yako akageuza uso, akatazama upande wa kaburi.

"Alikuwa bado yupo," akasema.

Hakunifukuza, na hakunisindikiza. Nilipofika njiani nilisikia anafukuza kuku.

Dada, sikuombi unisamehe, maana huwezi kunijibu na mimi nisije nikajijibia mwenyewe. Nimekuandikia ili ujue kwamba mama anajua. Jumapili baada ya misa nitamwambia Magesa, na ile shukrani aliyonipa mbele ya watu nitamrudishia, maana mwenye nayo ni wewe. Na mgonjwa yeyote atakayeletwa kwangu kwa picha, nitakwenda kukaa karibu na kitanda chake nimuulize. Wakinikataza nisimwone, kazi hiyo sitaifanya, hata kama ni ya ndugu yangu wa damu.

Lala, dada yangu. Lala, Veronika Nyangeta wa shamba la pamba. Kesho nafungua ofisi saa mbili.

Mwanafunzi wako,
Sabina