Ubao wa Mlango wa Rubongi

…kwa hiyo sikucheka, Okoth mjukuu wangu, uliposema mashine yako ya kuchonga mabango inazama upande mmoja. Sisi huku Busia wazima, nami bado naona haya kuitwa bibi harusi!

Wandera wangu, huyu mume mpya mwenye karakana na mashine kama yako, alitaka kibao chenye majina yetu. Nikampa ubao wa mlango wa marehemu babu yako, kutoka nyumba yetu ya zamani Rubongi. Jina langu, "Apiyo", likatoka zuri. Mashine ilipofika "Wandera", biti, ile ncha yake ya kuchongea, ikadidimia polepole, ikatoboa jina lote. Karakana ikawa baridi ghafla.

"Marehemu amekukataa," nikanong'ona. "Nirudishe kwangu."

"Ngoja, mpenzi. Tuugeuze kwanza."

Akaugeuza ncha kwa ncha, akachonga chini ya maandishi ya kwanza. Sasa likazama jina langu. Nikapiga ukelele, yeye akacheka!

"Ingekuwa meza ya mashine imeinama, lingezama langu tena. Ubao ndio umepinda, wewe mwoga wangu mtamu."

Akaupiga randa, akaukaza mezani kwa skrubu, majina yakatoka sawa. Nawe geuza ubao kabla ya kulaumu mashine.

Ila mlango ule haukuwahi kupinda babu yako akiwa hai. Kwa hiyo tutapita kaburini kumsalimu, tukiwa wawili, kisha tuje kwako kabla mwezi huu haujaisha.